Kuwalea walimu wa ajira mpya katika mwaka wao wa kwanza

Ndugu Mwalimu Mkuu, umeuliza namna ya kuwasaidia walimu wawili wa ajira mpya walioripoti shuleni kwako, mmoja wao akiwa amekabidhiwa Darasa la Kwanza lenye watoto zaidi ya mia moja. Kwa maoni yangu, mpe kila mmoja mwalimu mlezi, na umpunguzie mlezi huyo vipindi ili apate muda wa kuingia darasani naye, kwa kuwa mlezi asiye na nafasi hubaki jina tu.

Mimi nilipoanza kazi, andalio langu la somo lilikuwa safi, lakini nilimaliza kipindi nikiandika ubaoni huku watoto wa nyuma wakiwa hawajafungua madaftari. Mwalimu mwenzangu, dada mmoja mtu mzima, hakunikemea. Kesho yake alinialika darasani kwake, nikaona anavyowapanga watoto katika vikundi na kuwapitia mmoja mmoja kabla hajashika chaki. Nilijifunza mengi zaidi pale kuliko katika ukaguzi wowote.

Kipindi cha majaribio cha miezi 12, kabla ya Tume ya Utumishi wa Walimu kumthibitisha mwalimu mpya kazini, kisigeuzwe kuwa fimbo, maana mwalimu mwenye hofu huficha anapokwama. Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni vinafaa sana kwa kuzungumzia mahali anapokwama. Tafadhali uliza pia wanalala wapi na kama fedha za kujikimu zimewafikia.