Mchicha kila siku, mbona damu haipandi?

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki walinipima damu ikawa 9.6, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Nameza kila asubuhi na chai ya maziwa. Mchicha sikosi, juisi ya bitiruti nakunywa. Mwezi umeisha, imefika 9.7 tu. Nakosea wapi?
Mama K, Mbagala

JIBU: Pole, mama. Tunaanza na hiyo chai. Tanini zake hushikana na madini ya chuma tumboni, na kalsiamu ya maziwa nayo huyazuia yasifyonzwe, hivyo sehemu kubwa ya kidonge inaishia chooni. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, na chai, hata ya rangi, ikae mbali kwa saa mbili hivi. Kidonge kikikuchefua, kimeze usiku baada ya kula kidogo. Choo kuwa cheusi ni kawaida, usiache dawa kwa sababu hiyo.

Mchicha endelea nao, lakini chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama na samaki. Uunge na dagaa, kisha ukishaipua kamulia ndimu. Ndimu ikichemka jikoni, vitamini C inayosaidia chuma kufyonzwa inapungua. Bitiruti inywe ukiipenda. Wekundu wake ni rangi tu, chuma chake ni kidogo.

Hukutaja udongo, ila pemba zinauzwa kila soko hapa mjini, kwa hiyo tunauliza. Kama unatafuna, acha: udongo huo unazuia chuma, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au hata madini ya risasi. Hamu yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua.

Ukimeza sawasawa, baada ya wiki nne tarajia damu ipande kwa gramu 1 hivi. Lengo ni kufika 11. Isipopanda, rudi kliniki wakaangalie malaria, minyoo na selimundu. Kuongeza dozi ni kazi yao, usijiongezee. Na vidonge vifungie mbali na watoto: mtoto mdogo akivimeza vingi, vinaweza kumuua.

SWALI: Chumvi ya kupimwa sokoni ni rahisi kuliko ya pakiti. Ina ubaya gani?
Msomaji, Tandika

JIBU: Nyingi haina madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Yakikosekana shingo huota rovu, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na ubongo usiokua vizuri. Hilo la pili ndilo linalotutia hofu zaidi, maana halirekebishiki. Nunua pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, imimine kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jiko na jua, na utie chumvi chakula kikikaribia kuiva. Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na chipsi.