Barua kwa mwanangu: unayoyachukulia kuwa kweli kabla ya kupima

Newala, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini msimamizi wako anakudai uzitaje dhana tangulizi za utafiti wako wa mapato ya wakulima wa korosho, ilhali wewe unaona kuwa kuzitaja ni kumwonyesha mtahini mahali pa kukushambulia. Mimi naona amefanya vyema. Nadharia tete ni jambo unalokwenda kulipima. Dhana tangulizi ni lile unalolichukulia kuwa kweli ili upimaji wenyewe uwezekane, na kwa hiyo data zako haziwezi kukuonya likiwa si kweli.

Itazame hojaji uliyonitumia. Unakusudia kumhoji mkuu wa kaya, kisha uyahesabu mapato anayoyataja kuwa ya kaya nzima. Yaani umekwisha kukubali, kabla hujafika kijijini, kwamba mume na mke wana mfuko mmoja na kwamba anayejibu anakijua kilichomo. Huku kwetu, ambako Wamakonde, Wamakua na Wamwera kwa asili hufuata ukoo wa mama, mke anaweza kuwa na mikorosho aliyoipata kwa wajomba zake, na fedha zake zisipite kabisa mikononi mwa mumewe. Ukimhoji mume peke yake utapata tarakimu safi, zinazojumlishika vizuri, zisizo na habari yoyote ya mikorosho hiyo.

Dhana nyingine imejificha katika kumbukumbu za chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima kijijini. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hupeleka korosho ghalani, akapewa stakabadhi na kusubiri ziuzwe mnadani, uanze mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, kumbukumbu hizo zimewafaa sana watafiti, lakini zinaonyesha jina la aliyepeleka korosho ghalani, ambaye si lazima awe ndiye aliyezivuna. Mkulima aliyebanwa na njaa au mahitaji ya shule huziuza mapema kwa wanunuzi wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua nje ya mfumo huo, kwa bei ya chini, na mzigo huo ukaingia ghalani kwa jina la mwingine. Wanaopotea katika hesabu hiyo, jambo linaloniuma, ndio hasa uliowakusudia ulipoanza.

Hakuna utafiti usio na dhana. Kwamba mtu anayakumbuka mavuno ya msimu uliopita, likubali, liseme, uendelee. Lakini hizi mbili zinaweza kuligeuza hitimisho lako, nazo zinapimika: katika hojaji ya majaribio, mhoji mke na mume kila mmoja peke yake, na uulize kila mzigo ulipimwa kwa jina la nani. Majibu yakiachana, ibadili hojaji kabla ya kuchapa nakala. Yakilingana, andika hivyo katika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, na ueleze ulijuaje.

Mama yako