Mwalimu Anajibu: Kwizi Imeniweka kwa Majasusi

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Chumbageni hapa Tanga. Tuko vijana sita, kila Jumamosi jioni tunacheza karata za Magic: The Gathering nyumbani kwa mwenzetu, Ngamiani. Mwezi uliopita mmoja wetu alileta kwizi ya kwenye simu. Unajibu maswali, mwisho unaambiwa wewe ni wa chama gani kati ya vyama kumi vya Ravnica, mji wa kubuniwa ulio ndani ya mchezo huo. Mimi nimetokea Dimir, chama cha majasusi. Maelezo yake yalinigusa, maana ni kweli mimi ni msiri. Lakini tangu siku ile nikinyamaza tu wanasema, "Dimir huyo, ana lake." Juzi ilipotea elfu kumi ya soda, macho yote yakaja kwangu. Je, kwizi hizi zina ukweli? Na mimi nifanyeje?*
Msiri, Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Hiyo elfu kumi imeniuma, ndiyo nitaanza nayo. Jumamosi hii, kabla karata hazijachanganywa, waambie wenzako wazi: nimeshukiwa wizi kwa sababu ya vitufe nilivyobonyeza kwenye simu, na sijapenda. Usiseme kwa utani. Ukilisema kwa kucheka watalipokea kwa kucheka, na wiki ijayo itapotea nyingine.

Sasa kwizi yenyewe. Nimefundisha hesabu, na wajukuu wangu wanacheza mchezo huohuo, kwa hiyo nimeufuatilia kwa karibu. Mchezo huo ulibuniwa na Richard Garfield, ukatoka Marekani mwaka 1993, na msingi wake ni rangi tano. Nyeupe ni utaratibu na jamii, bluu ni maarifa, nyeusi ni kutafuta nguvu na kujipigania mwenyewe, nyekundu ni hisia na uhuru, kijani ni maumbile na ukuaji. Mwaka 2005 ukaja mji wa Ravnica, rangi zikaunganishwa mbilimbili. Tano ukizichagua mbilimbili unapata jozi kumi, hakuna ya kumi na moja. Ndiyo maana vyama ni kumi. Wanadamu hawakuchunguzwa kwanza wakaonekana wako wa aina kumi. Hesabu tu ndiyo iliyofikia hapo.

Dimir ni bluu na nyeusi. Basi kilichotoka kwenye majibu yako, kama kwizi ilitungwa vizuri, ni kwamba unapenda kujua kabla ya kutenda, na wewe si wa kusubiri mtu akupiganie. Hayo mawili tu. Ujasusi hukuuleta wewe. Umeletwa na watunzi wa mji ule, walipotafuta kazi ya kuwapa watu wa rangi hizo. Tazama nyeupe na nyeusi. Ravnica jozi hiyo ni Orzhov, kanisa lililo benki pia, linalodai watu madeni hata baada ya kufa. Mwaka 2021 watunzi walewale walileta chuo cha Strixhaven, na humo nyeupe na nyeusi wakawa Silverquill, watu wa ufasaha, wasemaji na washairi. Aliyejibu maswali akatoka nyeupe na nyeusi, huku ni mdai madeni, kule ni malenga. Yeye hajabadilika hata unywele. Nataka wenzako walisikie hili, wakitaka uwasomee ukurasa huu.

Unasema maelezo yalikugusa. Nakuamini, na ndivyo yalivyotungwa yaguse. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha kila mmoja akapewa maelezo yake na kuombwa ayape alama kuanzia sifuri hadi tano. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja, maneno yaleyale, na mengi aliyachota kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa mitaani. Yalikuwa maneno ya namna ya "wakati mwingine unachangamka, wakati mwingine unajificha". Nitajie mtu wa Tanga ambaye hana siri. Ukisoma "wewe ni msiri", moyo wako wenyewe ndio unaotafuta ushahidi, na hauukosi.

Na wenzako kwa nini wamegeuka haraka hivyo? Mapema miaka ya 1970 Henri Tajfel na wenzake waliwafanyia majaribio vijana wa shule huko Bristol, Uingereza, wa miaka 14 na 15. Waliwaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, wakawaambia kwamba makundi yamepangwa kulingana na picha walizozipenda. Haikuwa kweli, yalipangwa ovyo. Vijana hawakujua nani yuko nao kundini, wala wao wenyewe hawakupata faida yoyote kwa uamuzi wao. Hata hivyo, walipogawa pesa, waliwapendelea wa kundi lao. Jina la kundi peke yake lilitosha. Sisi wa Tanga tusistaajabu: ni nani kati yetu aliulizwa maswali kabla ya kuwa mtu wa Coastal Union au wa African Sports? Uliikuta nyumbani kwa baba au kwa mjomba, ukaipenda, na siku ya mechi ukamkasirikia jirani ambaye jana yake mlikula naye.

Usidhani nataka mziache. Nazipenda sana kwizi hizi zikitungwa na mtu mwenye akili, na ningependa muendelee. Iliyo bora kuliko zote kwangu ni ya zamani, ya gemu ya Ultima IV ya Richard Garriott, mwaka 1985. Gemu inaanza kwa mwanamke mpiga ramli mwenye karata. Kuna fadhila nane, nazo zinapambanishwa mbilimbili kwa mtoano: maswali manne, kisha mawili, kisha moja. Swali mojawapo: umekabidhiwa kifuko cha dhahabu isiyohesabiwa ukifikishe mahali, njiani unakutana na ombaomba. Utafikisha kifuko kama ulivyopewa, au utampa sarafu moja ambayo hakuna atakayejua imepungua? Uaminifu na huruma, na hakuna jibu baya la kulikimbia. Linganisha na kwizi inayouliza, "Je, unapenda kudanganya?" Hapo hata mtoto anajua anapelekwa wapi, na hajifunzi lolote.

Kwa hiyo tungeni yenu. Mko sita, kila mmoja alete maswali mawili ya namna hiyo, ya huku kwetu. Nakupeni la kuanzia: rafiki yako amepata kazi kwa cheti kisicho chake, mwenye ofisi ni mjomba wako, na leo anakuuliza umemfahamuje kijana huyo. Mtamhifadhi rafiki au mtamwambia mjomba kweli? Msipeane pointi kwanza. Jadilini. Utashangaa ni nani atakayekaa kimya muda mrefu, na wala hatakuwa wewe. Na vyama mzungushe, kila mtu acheze na cha mwenzake wiki mbilimbili. Yule aliyekuita Dimir naye akae na Dimir.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni mzazi, Bagamoyo. Mwanangu wa kidato cha pili anajibu maswali kwenye simu kisha anaambiwa yeye ni wa ukoo fulani wa mazimwi au wachawi. Mama yake anasema hiyo ni ramli. Nimkataze?*
Baba wa Dunda

Wa alaikum salaam, baba. Mpe pole mama kwa hofu yake, hofu ya mzazi si ya kuchekwa. Lakini hakuna ramli humo. Kila jibu lina pointi zilizopangwa na mtu, simu inajumlisha, na ukoo wenye pointi nyingi ndio unaotajwa. Mwanao akirudia na kubadilisha majibu mawili matatu, ataona ukoo unabadilika. Mwambie afanye hivyo mbele ya mama yake.

Lenye kunitia wasiwasi mimi ni kile kinachoulizwa pembeni: namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, jina la shule ya kwanza, au ruhusa ya kuingia kwenye akaunti ya Facebook. Zimwi halihitaji kujua jina la mama yake mtu. Kulikuwa na kwizi moja ya tabia iliyofunguliwa na watu wapatao 270,000. Kupitia marafiki zao, taarifa za watu wengi mno zilichukuliwa, zikafika kwa kampuni ya Cambridge Analytica iliyofanya kazi za kampeni za siasa. Mwaka 2018 Facebook wenyewe walisema huenda walioguswa ni hadi milioni 87. Wengi wao hawakujibu hata swali moja. Basi umwekee mwanao sharti: kwizi ikiuliza angependa upanga au kitabu, ajibu. Ikiuliza lolote lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa, aifunge na akuite.

*Mwalimu, nimeanza kucheza gemu ya Morrowind. Karani ananiuliza maswali ili anipe aina ya mhusika, na majibu siyapendi. Nimekwama?*
Kijana wa Muheza

Hujakwama, mwanangu. Gemu hiyo ya mwaka 2002 inakupa njia tatu: ujibu maswali kumi ya yule karani, uchague kwenye orodha, au utunge aina yako mwenyewe na kuipa jina. Hata ukishajibu maswali yote, unaweza kuyakataa matokeo papo hapo ukachagua kingine. Tunga ya kwako, kisha niandikie umeiitaje.