Karatasi ya Mzunguko Usiijaze Ukiwa Umesimama

Nafundisha mpira wa wavu kwa wasichana wa sekondari hapa Tabora, mwaka wa tisa huu, na seti zinazoniuma hadi leo ni zile tulizozipoteza kwenye karatasi ya mzunguko, ile ambayo kocha anaandika namba za wachezaji sita kwa mpangilio watakaoanza nao seti. Timu ikinizidi kwa smashi naikubali, naenda kulala. Nikiipoteza seti kwa sababu namba mbili zilikaa pasipo pake, usingizi hauji.

Ya kwanza ilitokea Juni, msimu wa mashindano ya shule, kipupwe kimeshika na vumbi linaingia hadi kwenye soksi. Refa wa pili alikuwa mezani ananisubiri. Nikaijaza karatasi nimesimama, nimeiegemeza gotini, huku nikimjibu mwanafunzi aliyekuwa anatafuta jezi yake. Karatasi ile ina vyumba sita: IV, III na II juu, yaani mbele karibu na wavu, V, VI na I chini, yaani nyuma. Seta wangu, anayewapangia wapigaji mpira, namba 7, alitakiwa kuanza chumba cha I na namba 9 chumba cha VI. Nikawageuza. Nikasaini.

Refa alipokuja kukagua kabla ya sevu ya kwanza, mpigo wa kuanzisha mchezo, akawakuta wasichana wamesimama kama tulivyofanya mazoezi. Akawaambia wasimame kama karatasi inavyosema. Hakuna pointi iliyokatwa, maana kosa likionekana kabla ya seti kuanza linarekebishwa bila adhabu. Nikaomba nibadilishe karatasi, akakataa, na alikuwa sahihi. Karatasi ikishapokelewa, njia pekee ya kuigusa ni sabu ya kawaida, yaani kubadilisha mchezaji, na wangu wote wawili walikuwa tayari ndani. Tukacheza seti nzima kwa mpangilio ambao hakuna aliyeuzoea. Seta na mpigaji wetu anayekaa mkabala naye, ambao siku zote mmoja akiwa mbele mwenzake yuko nyuma, wakajikuta wote mbele. Kila mpira wa tatu walikuwa wanatazamana.

Tangu siku hiyo karatasi naijaza nimekaa, dakika kumi kabla, na kapteni anaisoma kwa sauti kabla sijasaini. Yeye anasoma namba, mimi nawatazama wasichana wenyewe, siitazami karatasi. Ukiitazama karatasi, jicho litasoma ulichokusudia kuandika.

Mazoezini natumia vizibo vya soda. Sita, vimeandikwa namba kwa kalamu ya rangi, tunavipanga juu ya benchi chini ya mwembe. Tukishinda mpira ambao wapinzani ndio walisevu, kila kizibo kinasogea nafasi moja kufuata mshale wa saa, na wa II anashuka I kusevu. Kwa muda mrefu niliwakaririsha namba za nafasi, wakawa wanazijua vizuri darasani na kuzisahau uwanjani. Sasa kila msichana anajua vitu viwili tu: nani anasevu kabla yangu, nani anasevu baada yangu. Hata akichoka, hata mashabiki wakipiga ndoo, jina la mwenzake halimtoki kichwani.

Kosa la kusevu nje ya zamu ndilo linalochanganya walimu wengi, kwa hiyo nilieleze kama lilivyonipata. Tulikuwa mbele 13 kwa 11, wapinzani wanasevu. Tukashinda mpira, 14 kwa 11, zamu ya namba 9. Lakini namba 5, aliyekuwa ametoka kusevu muda mfupi tu nyuma, akaudaka mpira na kwenda nao mwisho wa uwanja. Skora, anayeandika pointi mezani, hakuona. Akasevu, tukapata pointi tatu mfululizo, 17 kwa 11, benchi letu linaimba. Ndipo skora akainua mkono.

Sheria iko hivi. Kosa likigunduliwa, mchezaji anarudi kwenye mpangilio wake, wapinzani wanapata pointi na sevu. Ikijulikana ni lini kosa lilianza, pointi zote ambazo timu yenye kosa ilipata tangu hapo zinafutwa. Za wapinzani zinabaki. Isipojulikana, hakuna cha kufuta, inabaki ile pointi na sevu tu. Kwetu ilijulikana. Tukarudi 14 kwa 12, na seti tukaipoteza 23 kwa 25.

Mwalimu mwenzangu, dakika hiyo ndiyo ya kuichunga. Namba 5 alinigeukia akasema, "Madam, ni mimi?" macho yameshajaa. Nikaomba taimu auti, sekunde 30, na zote nilizitumia kumwambia mahali pa kusimama na mpira unaofuata. Habari za kosa tuliziongea kesho yake, kwa vizibo. Ukimkaripia pale, unapoteza wachezaji wawili: yeye, na yule wa jirani anayeanza kuhesabu nafasi badala ya kutazama mpira. Na usibishane mezani ukiwa huna kumbukumbu. Siku hizi mwanafunzi mmoja wa benchi anaandika daftarini namba ya kila anayesevu upande wetu, na anapaza jina la anayefuata kabla refa hajapuliza. Ukiwa na shaka na mpangilio, wenu au wa wapinzani, mtume kapteni aombe ukaguzi kwa refa. Ndiye mwenye haki hiyo uwanjani.

Sabu nazo zina mtego wake. Kila seti unazo sita. Aliyeanza akitoka, anaweza kurudi mara moja tu, na ni kwenye nafasi ileile. Aliyemwingilia hatolewi na mwingine isipokuwa huyo huyo. Niliwahi kumwingiza namba 12 badala ya namba 3 ili asevu tu, kisha nikataka kumtoa 12 nimpe nafasi namba 8. Ikakataliwa, nikabaki nimemsimamisha 8 pembeni amevua koti bure. Waandike wawili wawili, 3 na 12, na uwachukulie kama wamefungwa kamba hadi seti iishe. Aumiaye asiyeweza kuendelea ana utaratibu wake wa dharura, refa atakuongoza.

Libero, mlinzi wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti, hahesabiwi kwenye zile sabu sita. Anaingia na kutoka kwa mchezaji yeyote wa nyuma, mradi mpira mmoja umechezwa kati ya badiliko moja na lingine. Hasevu wala habloku. Hatari yake iko kwa yule anayempisha: akikaa nje mizunguko mitatu anasahau amerudi wapi. Kwa hiyo wangu akiwa nje hakai kitako. Anasimama pembeni, na kila tunapozunguka anasogeza kizibo chake kwenye benchi.