Unataka kuongoza ndege? Anza na masikio, barua itafuata

Tangu watu wa mtaani wajue kwamba nafanya kazi mnarani pale uwanja wa ndege, tunakoelekeza marubani kwa redio, vijana wa Lubumbashi hawaachi kunitumia ujumbe: "Yaya, nataka kazi ya kuongoza ndege, niandikie barua nani?" Barua ni jambo la mwisho kabisa. Wanaoanza nayo ndio wanaoangukia mikononi mwa wale wa "leta kitu kidogo nikuingize", na baada ya wiki mbili simu ya huyo bwana haipatikani tena. Mwenye mkono mrefu anaweza kukufikisha hadi mlango wa mtihani. Hawezi kukusikilizia redio.

Kwanza mjue nani ni nani. Huku kwetu Congo, viwanja vya ndege na kazi ya kuongoza ndege viko chini ya RVA, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1972. Leseni inatolewa na AAC, mamlaka ya usafiri wa anga. Anayeajiri ni mmoja, anayetoa leseni ni mwingine. Kwa hiyo mtu akikuuzia "kazi pamoja na leseni" kwa bei moja, mshukuru, kunywa soda yake, uondoke.

Kuhusu shule, wengi wanasikia habari za EAMAC, shule ya usafiri wa anga ya Niamey kule Niger, iliyopo tangu 1963 na inayofundisha kwa Kifaransa, au chuo cha usafiri wa anga cha Nairobi kwa wanaojua Kiingereza. Ni shule za maana. Lakini kabla baba hajauza kiwanja, elewa jambo moja ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti: cheti cha shule si leseni. Kanuni za kimataifa zinataka uwe na umri wa miaka 21, kisha ufanye kazi kwenye mnara halisi, mwenye leseni akiwa amekaa pembeni yako, kwa miezi isiyopungua mitatu. Na kibali unachopata ni cha mnara ule ule. Ukihamishwa kutoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, kwenda uwanja mwingine, unajifunza upya njia zake, vilima vyake na desturi zake. Sasa, bila mwajiri, mnara utaupata wapi? Namjua kijana mwenye cheti kizuri cha nje ambaye bado anauza vocha za simu. Uliza kwanza kwa mwajiri kama cheti hicho kitapokelewa, halafu ndiyo ulipe.

Afya pia ipimwe mapema, tena kwa hela yako mwenyewe. Kipimo cha waongoza ndege kinaitwa daraja la tatu. Miwani haikuzuii, ilimradi ukiivaa uone vizuri. Nimesikia watu wakikata tamaa bure kwa ajili ya miwani. Macho yasiyotofautisha rangi ni shida kubwa zaidi, na wengi hawajui kama wanayo mpaka siku ya kipimo. Masikio nayo yanapimwa. Kama umezoea kukaa karibu na spika za baa usiku kucha, punguza.

Sasa Kiingereza. Hapa ndipo watu wetu wanapokwama, na mimi naona ndipo kazi inapopatikana au kupotea. Tumesoma kwa Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, Kiingereza tunakiokota mpakani Kasumbalesa tukinunua bidhaa kwa Wazambia. Kile cha Kasumbalesa kinasaidia, msikidharau, kinakupa ujasiri wa kufungua mdomo. Ila tangu Machi 2008 kiwango cha chini cha mwongoza ndege anayetumia Kiingereza redioni ni cha 4 kati ya 6, na mtihani una sehemu sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, mtiririko, kuelewa na kujibizana. Alama yako ya jumla ni ile ya chini kuliko zote. Ukipata 5 kwenye sehemu tano na 3 kwenye kuelewa, wewe ni 3. Na ukipata 4, unapimwa tena kila baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo zoeza kuelewa kuliko vyote. Mimi nilimwomba binamu yangu anisomee namba: mwelekeo wa upepo, mwinuko, masafa ya redio. Televisheni inaita, watoto wanapiga kelele, mimi naosha vyombo. Narudia alichosema, kisha tunageuza: mimi nasoma, yeye anarudia, akiharibu namba moja makusudi ili aone kama nitaikamata. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: rubani anarudia ulichomwambia, na wewe unasikiliza kama amerudia sawasawa. Tarehe 27 Machi 1977 kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, Hispania, katika ukungu, sauti mbili zilitoka kwa pamoja kwenye redio zikafunikana. Boeing 747 mbili zikagongana na watu 583 wakafa. Walimu watakusimulia habari hiyo, na ni haki yao. Ukiwa na intaneti, sikiliza pia LiveATC, tovuti inayorusha mazungumzo ya redio ya marubani na minara. Usianze na JFK ya New York, utalia. Tafuta uwanja mdogo.

Wakati unasubiri nafasi, usikae nyumbani. Omba stazhi, yaani kujifunza kazi kwa vitendo, kwenye ofisi inayopokea mipango ya safari za ndege, kwa wanaopima hali ya hewa, au kampuni zinazopakia mizigo uwanjani. Malipo ni kidogo, mara nyingine hakuna. Ila utaelewa mambo ambayo daftari halikupi. Kwa mfano, Luano iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,300, na mchana wa Oktoba joto linapopanda hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka, au ipunguze mzigo. Nilipohojiwa niliulizwa kitu cha namna hiyo, nikajibu bila kutoa jasho kwa sababu nilikuwa nimeshaona wapakiaji wakiteremsha magunia.

Na hizo karatasi, jamani: angalia jina lako limeandikwaje kwenye diploma ya serikali, kadi ya mpiga kura na pasipoti. Herufi moja tu ikitofautiana, faili inarudi. Nenda ofisi ya komini urekebishe sasa, kabla tangazo halijatoka, maana likitoka foleni ya pale inafika barabarani.