Re: Nimeacha ugali na wali, mbona kilo haziendi?

Pole dada. Yaani miezi miwili bila ugali wala wali, kisa eti wanga unapandisha insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) na insulini inanenepesha, na mzani umegoma.

Anza na mafuta ya kupikia. Mimi hapa Moshi niliacha ndizi nikahamia nyama ya kukaanga, parachichi zima kila mlo, na karanga za kutafuna dukani. Siku niliyopima, kikaangoni vilikuwa vijiko vinne vikubwa vya mafuta. Kimoja tu kina kalori kama 120. Wanga nilipunguza, chakula sikupunguza.

Insulini kweli huzuia mafuta ya mwili kuyeyuka baada ya kula, ila kwa muda tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifuatilia watu 609 mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018: waliopunguza wanga walishuka wastani wa kilo 6, waliopunguza mafuta 5.3. Hiyo si tofauti ya kugombania.

Nimerudi kwenye kiburu (ndizi na maharage), sahani moja, bila kuongeza. Soda nimeacha, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya Jumapili pia (mama mkwe alinuna). Kama unatumia dawa za sukari, usibadilishe chochote kabla ya kumwona daktari. Mimi ni muuza duka tu.