Namba za maboksi na lebo: maswali yenu

"Tuna maboksi 60 ya kumbukumbu za parokia yenye namba 1 hadi 60, sasa stoo tumekuta majalada mengine ya miaka ya 70. Tuanze namba upya ili miaka ifuatane?" (Katibu, Kondoa)

Hapana, nakuomba sana usiguse. Hilo jipya ni boksi 61, basi, miaka utaipanga kwenye orodha. Mwanafunzi aliyekuja kwenu akaandika kwenye tasnifu yake "boksi 14, jalada 3", msomaji wake akija kulitafuta akakuta 14 ni stakabadhi za mahindi, ushahidi ndo umeshapotea hivyo na karatasi mnayo humo humo ndani. Na msitumie namba inayotaja kabati! Ofisi zimehamia Dodoma tangu 2016 na maboksi ya "kabati 2 rafu ya juu", kabati lenyewe limebaki Dar, sasa mtu atafute wapi? Mahali lilipo boksi andika kwenye rejista kwa penseli, likihama unafuta. Ila namba ya zamani ya masjala iliyo juu ya jalada isifutwe kamwe, ndo inaonyesha lilitoka wapi na lilifuatana na lipi.

"Lebo nibandike kwa selotepu?"

Hapana, jamani, nimeshajibu hili mara nyingi mno. Gundi inakauka, lebo inadondoka, doa la njano linabaki. Andika kwa penseli kwenye boksi lenyewe, sio kwenye mfuniko, maana vifuniko hubadilishana.

"1 au 001?"

001. Kompyuta ikizisoma kama maandishi itaweka 10 kabla ya 2.

"Picha za kijiji cha ujamaa tuandike nyuma kwa peni?" (Dada wa Mpwapwa)

Peni hapana dada, wino unapenya na mgandamizo unatokeza mbele. Penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Zile zenye mgongo wa plastiki penseli haishiki, andika bahasha, na uiandike kabla picha haijaingia.

"Maboksi hayana lebo kabisa, bosi anataka yachomwe."

Yape namba leo hii hata kama hujajua kuna nini ndani, orodha itafuata. Kama ni ofisi ya umma bosi hana ruhusa ya kuchoma kwa uamuzi wake, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inataka kibali cha Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, mwonyeshe. Na yatoe sakafuni uyaweke juu, mchwa huanzia chini.